Maalim Jabalini

Maalim aliogopa lifti. Alikuwa na mwanafunzi katika jumba moja la ghorofa katikati ya Nairobi, Mzungu wa kampuni ya bima aliyetaka kujua Kiswahili, na ofisi ya Mzungu huyo ilikuwa juu kabisa. Maalim alipanda ngazi zote kwa miguu, kanzu ameikusanya kwa mkono mmoja, akafika huko anahema na kuomba maji kabla ya salamu. Nilimuuliza kwa nini asipande lifti kama watu wengine.

"Kile kisanduku?" alisema. "Unaingia, mlango unafungwa, halafu humjui aliyeshika kamba."

Kuvuka barabara nako kulimtia hofu. Tukifika River Road wakati wa mikokoteni na malori kushusha mizigo, alinishika juu ya kiwiko, akafumba macho na kusema, "Haya, nipitishe." Mbwa aliwaogopa hata waliofungwa. Ni mtu huyohuyo niliyemwona, miaka ile ya sitini, amesimama ubavuni mwa jabali mahali ambapo ng'ombe walio chini wanaonekana kama punje za maharagwe, raba zake zimekanyaga ukingo mwembamba kuliko kitabu, anatafuna karafuu na kunisimulia habari za jirani yake aliyenunua redio.

Kazi yake ilikuwa kufundisha. Asubuhi na jioni watoto walimsomea Kurani katika chumba kimoja nyuma ya msikiti. Mchana alizunguka maofisini na kwenye nyumba za Kileleshwa akiwafundisha wageni Kiswahili. Mimi nilikuwa mpiga chapa River Road. Nilipanga herufi za risasi moja moja, kadi za harusi, matangazo ya kanisa, vitambulisho vya vyama vya mpira. Alituletea karatasi zake za masomo tuzipige chapa, na siku aliyokuja kuzichukua alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, kisha akaurudisha mezani polepole kama mtu anayeweka chini kikombe chenye ufa.

"Kijana, umeandika 'kitabu yangu'."

"Si ndivyo watu wanavyosema, Maalim?"

"Ndivyo wanavyosema. Ndiyo maana nikaandika kitabu."

Nilipanga upya ukurasa mzima, naye akaketi kwenye bunda la karatasi akinitazama. Alitazama vidole vyangu zaidi kuliko kazi. Nilipomaliza aliniuliza kama naogopa mahali pa juu. Nikamwambia sijui, sijawahi kufika mahali pa juu. Kwetu ni Satellite, upande wa Riruta, na kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kupanda ni mti wa avokado wa mama.

"Vizuri," alisema. "Mtu akiniambia haogopi, simtaki."

Kukwea majabali alikuwa amefundishwa na mwanafunzi wake mmoja wa Kileleshwa, mhandisi, ambaye alimchukua mara ya kwanza ili wazungumze Kiswahili njiani. Mhandisi huyo alipohama nchi baada ya Uhuru alimwachia Maalim kamba, nyundo, na pete za chuma zenye mlango wa kufunguka na kujifunga. Kilichokosekana ni mtu wa ncha ya pili ya kamba. Maalim alikuwa amewauliza watu wengi. Wengine walicheka, wengine walimshauri akapimwe kichwa. Ndipo akaniona mimi na vidole vyangu vya kupanga herufi.

Mama yangu alikuwa mjane na mshirika wa kanisa, mtu wa Jumapili kamili, asubuhi hadi saa za chai. Nilidhani nitamwambia mwenyewe. Maalim akasema hapana, mtoto wa mtu haombwi kwa kutumwa. Alikuja Satellite kwa miguu kutoka stendi, kanzu nyeupe katikati ya matope mekundu, na mkewe pamoja naye, mama mpole wa buibui aliyebeba kikapu cha mahamri. Waliketi jikoni kwetu. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Huko juu mnafuata nini?"

"Hatufuati kitu, Mama. Tukifika tunarudi."

Mama akamtazama muda mrefu. Nafikiri alikuwa amejiandaa kusikia jibu la kijanja, na kwa vile hakulipata, akakosa la kubishana nalo. "Basi urudi naye," alisema, akaenda shambani kuwakatia kabeji.

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu, Jumapili moja au mbili kila mwezi, katika gari dogo la kiwanda cha chapa ambalo tajiri wangu aliniachia bila kuuliza sana. Tulipitia Limuru, tukateremka bonde la ufa, hadi Njorowa, kando ya Naivasha, ambako kuta za mawe mekundu zimesimama pande mbili za korongo kama zilizokatwa kwa kisu. Mkewe hakukwea. Aliketi chini ya mwavuli mweusi, kwenye mkeka, akashona kofia, na kila mara aliinua macho kututazama. Nilidhani anatutazama kwa upendo tu. Baadaye niligundua alizijua njia zote za ukuta ule kwa kuziangalia, kwani mara moja nilipokwama alipaza sauti kutoka kule chini, "Kulia kwako, baba! Wenzio wote hupita kulia!"

Kipande cha jabali kutoka mahali pa kusimama hadi pengine, urefu wa kamba au pungufu, Maalim alikiita darasa. Njia fupi ilikuwa na madarasa mawili, ndefu manne au matano. Yeye alitangulia. Njiani alipachika nati ndani ya nyufa, nati za kawaida za mashine alizonunua kwenye maduka ya vyuma ya River Road, akazipiga tupa ndani mpaka zikawa laini na kuzifunga kitanzi. Kamba ilipita kwenye pete iliyoning'inia hapo, na akianguka, nati ile ndiyo ingemzuia, ikiwa mimi chini nimeishika kamba. Akifika mwisho wa darasa alijifunga kwenye mwamba, akaivuta kamba iliyolegea, na kuita, "Njoo!" Nami nikapanda nikizichomoa nati moja moja.

Sikuwa mwanafunzi mzuri wa lugha, na jabalini hakunionea huruma. Nikipiga kelele, "Maalim, kamba imekwisha!" alisimama. Nikipiga kelele, "Kamba yako inakwama kwa ile jiwe!" hakutikisika.

"Kwenye lile jiwe," alisema kutoka juu.

"Kwenye lile jiwe, Maalim!"

"Sasa nimekuelewa," na ndipo akaiburura.

Ajabu ni kwamba kwenye barabara alikuwa mtu wa hasira fupi. Aliweza kugombana na mchuuzi hadi watu wakakusanyika, kwa sababu ya ubao ulioandikwa vibaya. Mawe aliyagusa kama mtu anayeamsha mtoto. Aliupapasa kila ukingo kabla ya kuukanyaga, akalisemesha jabali maneno ya chini ambayo sikuyasikia vizuri. "Mguu ndio unaokwea," alinifundisha, "mkono unaufuata tu, kama mgeni." Mimi nilining'inia kwa mikono, nikafika juu misuli inawaka moto, yeye, aliyenizidi umri kama baba na mwana, alifika anapepesa macho kana kwamba ametoka kulala.

Sala haikumpita. Mara moja adhuhuri ilitukuta kwenye kibaraza cha jiwe ambapo watu wawili hawakuweza hata kupishana. Alitayamamu kwa vumbi la mwamba badala ya kutawadha kwa maji, akauliza kaskazini, upande wa kibla, ni wapi ingawa alijua, akasali ameketi, amefungwa kwa kamba kiunoni, na mimi nikainamisha kichwa kwa sababu sikujua la kufanya. Alipotoa salamu aligeuka kulia, kisha kushoto, na kushoto nilikuwa mimi. "Na wewe pia," alisema.

Kuhusu Mungu hakuzungumza huko juu. Nilitazamia atazungumza. Siku moja nilimuuliza ni kitu gani kinachomleta, mtu mwenye heshima zake, na watu mjini wakimcheka kwamba Maalim amekuwa nyani. Alikuwa anakunja kamba.

"Wiki nzima watu wananiuliza," alisema. "Huyu ndoto, huyu talaka, huyu mirathi, huyu mtoto hataki kusoma. Na kila mmoja anataka nisikosee. Jabali haliniulizi kitu."

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kiangazi, katika mwaka wa tatu wa urafiki wetu. Tulichagua njia ya madarasa manne ambayo alikuwa ameipanda zamani na mhandisi wake. Anga lilikuwa wazi, mbayuwayu wanapita karibu na masikio yetu, na harufu ya joto la ardhini inapanda kutoka korongoni. Madarasa mawili ya kwanza yalikwenda vizuri mno. Kwenye kibaraza cha pili tulikula tende, tukampungia mkono mkewe, naye akatupungia kwa mwavuli.

Darasa la tatu lilianza kwa kuambaa upande wa kushoto, kisha likapanda ufa ulionyooka. Maalim alikuwa juu yangu, amepita nati yake ya mwisho kwa kimo cha mtu mmoja na zaidi, mikono yote miwili ameiingiza nyuma ya bamba la jiwe. Nikasikia mlio kama wa droo nzito inayofunguliwa.

"Jiwe!" alipiga kelele.

Mpaka leo nafikiria jambo hilo. Alikuwa anaanguka, na pumzi aliyokuwa nayo aliitumia kunionya mimi. Nikajibana ukutani. Bamba lilipita nyuma ya mgongo wangu, nikasikia upepo wake, kisha kamba ikaanza kukimbia. Nilikuwa nimeizungusha kiunoni kama alivyonifundisha, nikafunga viganja, nayo ikaendelea kukimbia ndani ya viganja, moto mtupu, mpaka ikasimama kwa kishindo kilichoninyanyua pale nilipofungwa.

Kimya. Chini kule bamba lilifika, likapasuka.

"Maalim! Maalim, uko mzima? Kamba iko kwa mimi! Mkono yangu inaungua!"

Sauti yake ilitoka chini kidogo ya kibaraza, upande. "Ishike hivyohivyo, mwanangu. Usibadilishe chochote."

Hiyo ndiyo siku pekee aliyoiacha sentensi yangu kama ilivyo.

Nilimvuta, naye akajisogeza kwa miguu, mpaka akafika kibarazani na kuketi kando yangu. Uso ulikuwa wa majivu. Kofia ilikuwa bado kichwani, na hilo lilinishangaza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda pasipostahili kupinda, juu ya kifundo. Alinitazama viganja, nami nikautazama mkono wake. Chini, mkewe alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. Alikuwa ameufunga mwavuli na kuushika kwa mikono miwili kifuani.

"Yuko salama!" nilimpigia kelele. Alinyanyua mkono mmoja.

Kushuka hakukuwezekana. Chini ya kibaraza jiwe lilikuwa limeingia ndani, na kamba yetu, ikikunjwa mara mbili ili tuweze kuivuta baadaye, isingetufikisha mahali popote pa kusimama. Maalim aliyaeleza hayo taratibu, kama anaeleza somo, kisha akasema, "Utatangulia wewe."

"Sijawahi kutangulia."

"Najua."

"Mikono yangu, Maalim."

"Mguu ndio unaokwea."

Nikamwambia naogopa. Nilisema kwa sauti ya mtoto, sioni aibu kulitaja.

"Hata mimi," alisema. "Kila Jumapili naogopa. Nilidhani umeona."

"Sikuona."

"Basi naigiza vizuri kuliko nilivyodhani." Akajizungushia kamba kiunoni, akaikaza kwa mkono wake wa kushoto na kuipitisha chini ya paja. "Nimemwahidi mama yako. Nenda."

Nilianza kupanda nimevifunga viganja kwa vipande vya leso yangu ya mfukoni. Nilifika pale bamba lilipotoka. Jiwe la ndani lilikuwa jipya, la rangi ya maziwa, halijawahi kuguswa na jua. Nikapachika nati, nikapitisha kamba, na hapo mguu wangu wa kushoto ukaanza kutetemeka wenyewe. Sikuweza kwenda juu wala kurudi. Maalim akaita kutoka chini, kwa sauti ya mtu aliyeketi barazani.

"Mama yako alipika nini jana?"

"Nini?"

"Jana. Alipika nini?"

"Githeri!"

"Aliweka viazi?"

"Aliweka!"

"Vingi?"

Nilipokuwa nafikiria viazi vya mama, mguu ulitulia. Nikauona ukingo kulia kwangu, mdogo, wa kutosha ncha ya raba, nikausimamia. Aliendelea kuniuliza mpaka nikafika mwisho wa darasa: nani alichemsha mahindi, kuni ni za mti gani, chumvi tunanunua wapi. Yeye, aliyekimbia wiki nzima za maswali ya watu. Kisha alipanda kwa mkono mmoja, kamba imekaza kama waya, na kila nilipomvuta kiganja changu kilitoa maji na damu. Darasa la nne lilikuwa jepesi, nyasi na ngazi za mawe. Tulipofika kileleni aliketi, akavua kofia na kuifunika usoni. Mabega yake yalitikisika. Sikujua kama anacheka au analia, nami sikumuuliza.

Tulishuka kwa nyuma, kwenye bonde la vichaka, na katikati ya njia tulimkuta mkewe. Alikuwa amepanda peke yake kutupokea, buibui limejaa miiba. Aliutazama mkono wa mumewe, akaufunga kwa leso yake kwenye kipande cha mti alichokuwa amekiokota tayari.

"Umemwangushia kijana jiwe," alimwambia.

"Halikumpata."

"Nimeona." Kisha akanigeukia. "Nionyeshe." Nikafungua viganja. Akamimina maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo juu yake, kidogo kidogo, na aliponimalizia chupa ndipo midomo yake ilipoanza kutetemeka.

Niliendesha kwa kushika usukani kwa vidole. Tulipofika mjini nikataka kwenda moja kwa moja hospitali, lakini Maalim alikataa. Tukapitia Satellite kwanza. Mama alitoka na nguo za kanisani.

"Nimemrudisha, Mama," Maalim alisema, mkono wake umefungwa kifuani. "Lakini si kama nilivyomchukua."

Mama alitazama mkono ule, akaitazama mikono yangu. Alitugombeza wote wawili kwa Kikuyu, kwa kirefu, Maalim akiitikia kwa kichwa kila penye kituo ingawa hakuelewa neno. Halafu akaingia ndani, akatoka na uji, na kwa kuwa Maalim hanywi kwa mkono wa kushoto, nami sikuweza kushika kikombe, mama alimshikia Maalim na mke wa Maalim akanishikia mimi.

Mkono uliunga kwa kupinda kidogo. Tulirudi Njorowa, ingawa mama alinuna mwezi mzima hasemeshwi, na tukawa tunabadilishana kutangulia. Nilimwona akisimama chini kwa zamu yangu, kamba kiunoni, akinikodolea macho huku anatafuna karafuu zake kwa kasi, na nikaelewa jinsi alivyokuwa akiogopa wakati wote. Miaka ya sabini ilipoingia, nilioa, kazi zikaongezeka, na Jumapili zikawa chache. Kisha macho yake yakaanza kupungua. Alilificha hilo. Watoto wa chuoni, wale wa Kurani, ndio waliogundua, kwa sababu alianza kusahihisha kurasa za kitabu kilichokuwa kimefungwa.

Mara ya mwisho tulipotoka pamoja nilimpeleka kwa daktari wa macho Kileleshwa, mkewe akiwa kiti cha nyuma. Daktari alimweka ndani muda mrefu. Alipotoka alinishika juu ya kiwiko, akasema tu, "Twende," nami nikafahamu habari zenyewe. Tuliliacha gari mbali kidogo, tukatembea kando ya ukuta wa nyumba moja kubwa, ukuta mrefu wa mawe ya kuchongwa, wa kienyeji, ambao fundi aliuacha bila kuupaka plasta.

Kidole chake kiligusa ukuta. Akasimama. Akaniachia kiwiko, akaweka viganja vyote viwili juu ya mawe, akavitembeza, taratibu, akitafuta viungo. Nilitaka kusema kitu, mkewe akanitikisia kichwa.

Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili. Aliinua kanzu, akaingiza vidole vya mguu katika mwanya kati ya mawe mawili, akabonyeza kuujaribu. Kisha akaondoka ardhini. Nusu mita hivi, zaidi kidogo. Nilisimama nyuma yake nimenyoosha mikono bila kumgusa. Alikaa pale, shavu limelala kwenye jiwe lenye joto la jua, anapumua, na akahamisha mkono mmoja juu, kisha mguu.

Askari wa nyumba alitoka getini na rungu. Akatutazama mimi na mama wa buibui, kisha mzee aliyebandika mwili wake ukutani mwa tajiri wake, miguu mitupu. Hakujua aanze na yupi.

"Mzee," alisema mwishowe, bila ukali, "umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza kitu," Maalim alijibu, na hakugeuka. "Natazama."